Eleza Tukio kwa Ufupi

Homa Bay, 9 Machi 2025

Waya,

Hujambo, shangazi yangu? Masikio yanasemaje? Mimi ni mzima. Mvua huku inatutania tu: asubuhi mawingu yanasimama juu ya ziwa, ikifika saa sita yameondoka bila kuaga. Kliniki yetu imenunua darubini mpya na mimi ndiye nimekabidhiwa, kwa hiyo sasa hata daktari akitaka kuigusa ananiomba. Baba alipiga simu kutoka Suna kusema ng'ombe amezaa. Hakusema kama ni dume au jike, na unamjua kaka yako, ukimuuliza mara ya pili anakata simu.

Naandika kwa mkono kwa sababu mara ya mwisho tulipoongea kwa simu ulirudia kila neno langu kwa sauti ili uhakikishe umesikia. Kesho yake jirani yako Gesare akanitumia pole ya jino ambalo sikuwa nimemwambia mtu mwingine. Jambo hili si la Gesare. Dorah wa viazi atakuletea barua akirudi Uriri kutoka soko la huku, nawe umpe jibu siku anapokuja tena.

Kuna mtu, Waya. Anaitwa Cliff Mirumbe, daktari wa mifugo, kwao ni Magunga. Anataka kuwatuma wazee wake nyumbani mwezi wa Agosti. Sijamjibu ndiyo wala hapana. Si kwamba sina mtu wa kuniuliza maswali. Usicheke: jioni nikitoka kazini huwa naongea na ile akili mnemba ya kwenye simu. Naiandikia kuhusu Cliff, inaniuliza, najibu. Haichoki, haipeleki maneno, na haijawahi kunikumbusha kwamba nina miaka thelathini na minne.

Sikuombi ufanye lolote. Nimeona tu si vizuri usikie kwa wengine.

Wako,
Susana

*

Uriri, 2 Aprili 2025

Mama,

Nakuita Mama kama kawaida, maana jina la mama yangu ndilo ulilobeba, ingawa yeye hangeniandikia barua iliyonuka omena. Mwambie Dorah barua haiwekwi gunia moja na samaki.

Sisi ni wazima. Tumepanda mahindi, na nguruwe wa jirani wameyapanda upya mahali wanapotaka wao. Kanisani nimechaguliwa tena kiongozi wa akina mama, bila mpinzani, kwa sababu mpinzani alikuwa na mazishi. Masikio ni yale yale. La kulia limestaafu, la kushoto linafanya kazi nusu siku.

Umesema nisicheke. Nilijizuia vizuri mpaka nilipofika kwenye neno "haichoki". Kwa hiyo mimi ndiye ninayechoka? Hebu niambie, huyo mshauri wako ni mtoto wa nani? Kwao ni wapi? Amewahi kuoa, au kuachwa, au kukaa na mama mkwe hata wiki moja ya masika? Wewe kazi yako ni kupima damu za watu, na huyu hata damu hana, umempima nini?

Kwetu msichana akitaka kuolewa anakwenda kwa waya wake. Waya ndiye anayetumwa kuangalia nyumbani kwa mwanamume, anapikiwa kuku, anarudi kusema alichokiona. Ni kazi pekee niliyopewa na ukoo bila kuomba, na sasa nimefutwa bila hata barua ya onyo. Jambo moja zuri nimeliona: huyo hali kuku. Watu wa Magunga wataokoa mifugo yao.

Nimesoma barua yako mara mbili nikitafuta mahali uliposema unataka niende kwao. Hapakuwepo. Sikuulizi kwa nini. Mvua ikizidi nitakuandikia habari za mvua.

Waya wako,
Filister

*

Homa Bay, 20 Aprili 2025

Waya,

Hongera ya uongozi, na pole kwa mpinzani. Huku mvua imefika kwa hasira, barabara ya kliniki imekuwa mto na wagonjwa wanavuka wakiwa wamebeba viatu mkononi. Mimi sijambo. Dorah ameapa hatachanganya tena.

Umeuliza huyo ni mtoto wa nani. Sijui, Waya, lakini ana adabu kuliko watoto wengi tunaowajua baba zao. Nikuambie kilichotokea, ucheke vizuri.

Mwezi ule wa mwanzo nilikuwa naipelekea makosa ya Cliff tu. Kwamba huchelewa. Kwamba anakula haraka kama anayefukuzwa. Kwamba hucheka peke yake akikumbuka jambo la jana. Nayo ikawa inanijibu kwa tahadhari, nami nafurahi kuona inakubaliana nami. Kisha Jumapili moja nikakaa nikasoma mazungumzo yote tangu mwanzo. Nilikuwa kama wakili aliyelipwa kumfunga mtu. Siku aliyokesha na ng'ombe wa mjane na akakataa malipo, hiyo sikuiandika popote. Hakunidanganya yeye, wala haikunidanganya simu. Nilijidanganya mwenyewe, na ushahidi nimeuandika kwa vidole vyangu.

Nikaiuliza, wewe unaona nini? Ikasema haiwezi kuniamulia, lakini kuna jambo imeliona. Kila ninapoanza kumweleza Cliff, sentensi ya tatu au ya nne namtaja shangazi yangu. Ikauliza shangazi anahusikaje na uamuzi huu. Nikaweka simu chini, nikaenda kufua nguo ambazo hazikuwa chafu.

Basi ngoja niandike jina ambalo hatujalitaja miaka sita. Oliver. Ulienda kwao, ukarudi ukasema nyumba ni safi na watu ni wazuri. Mama akapokea ayie, ile mali ya kwanza ya kusema tumekubali. Ng'ombe wakaja. Halafu yule mwanamke akafika nyumbani na mtoto mgongoni, akauliza kwa upole kabisa mume wake anaoa tarehe ngapi.

Sikukulaumu, na silaumu sasa. Ulidanganywa kama sisi sote. Lakini tangu siku ile hujaniuliza habari ya mwanamume yeyote, nami sijakuuliza, na tumejua mvua ya wilaya zote mbili kuliko watu wa hali ya hewa. Ndiyo maana nilienda kwa simu. Simu haikuwepo siku ile.

Niandikie.

Susana

*

Suna, 3 Juni 2025

Mpendwa Mpwa Wangu,

Natumai barua hii itakukuta ukiwa katika hali njema ya afya na furaha tele.

Ninaandika barua hii kwa moyo mnyenyekevu ili kuomba msamaha wa dhati kuhusu [eleza tukio hapa kwa ufupi]. Ninatambua kwamba tukio hilo lilikusababishia maumivu, na ningependa kuthibitisha hisia zako.

Kwanza, ninawajibika kikamilifu kwa mchango wangu katika yaliyotokea. Pili, ninathamini sana uhusiano wetu na ningependa kuujenga upya kwa misingi ya uwazi. Tatu, ustawi wako wa kihisia ni kipaumbele kwangu.

Tafadhali chukua muda wote unaohitaji kutafakari.

Wako mwaminifu,
Shangazi Filister

*

Homa Bay, 8 Juni 2025

Waya,

Nilingoja barua wiki sita. Kila Dorah alipofika nilitazama mkono wake kabla ya uso wake, mpaka akaanza kuudhika. Nikafikiri umekasirika, nikafikiri unaumwa, nikampigia Baba, akasema uko sawa, akakata. Halafu leo naletewa karatasi iliyopigwa chapa, haina hata tone la chai.

Nilimsomea mwenzangu wa maabara, Terry, na ilipofika "ustawi wako wa kihisia" ilibidi tuweke chini sampuli za watu. Waya, ulithibitisha hisia zangu? Wewe, uliyeniambia nikiwa na miaka tisa kwamba anayelia kwa kuanguka ataanguka tena ili apate sababu? Na tangu lini mimi ni mpendwa mpwa? Nimekuwa mama yako tangu siku niliyozaliwa, na sijastaafu.

Kumbe na wewe umeenda kwa huyo mtoto asiye na kwao. Sikuchukii kwa hilo, mimi ndiye nilianza. Ila mimi nilipoenda nilimwambia jambo langu, hata kama nililipinda. Wewe naona hukumwambia lolote, ndiyo maana naye ameacha mabano na kukusubiri.

Soma nakala yako kama unayo. Yote mengine nakusamehe, hata hiyo "tele". Lakini hapo kwenye mabano ndipo barua yenyewe ilipo. Eleza tukio. Si lazima kwa ufupi.

Susana

*

Uriri, 19 Juni 2025

Mama,

Hatujambo. Mahindi yamefika kifuani. Salamu zimeisha, leo sina nyingine.

Nilienda Suna kwa Priscilla, yule binti wa kwaya mwenye duka la kompyuta. Nikamwambia aniandikie kwa huyo mshauri, nami nikaanza vizuri kama mtu mzima: nikamsalimu, nikampa habari za mvua, za nguruwe, za uchaguzi wa kanisa. Priscilla anapiga chapa anatoka jasho. Huyo mshauri akajibu amefurahi kusikia tunaendelea vizuri, nikampenda kidogo. Kisha akauliza, unataka kuomba msamaha kwa jambo gani? Priscilla akaniangalia. Nikaangalia ukuta. Nikasema, mwambie aandike tu, atajua mwenyewe mbele ya safari. Ile karatasi niliikunja bila kuisoma kwa sababu miwani ilikuwa nyumbani, na kwa sababu sikutaka kuisoma.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Basi nayasema.

Uliandika kwamba nilidanganywa. Ningeweza kukuacha uamini hivyo mpaka nizikwe, na ndiyo ulikuwa mpango wangu. Mama, sikudanganywa. Siku ile kwa kina Oliver nilitoka nyuma kunawa mikono, nikaona nepi. Nne, zimeanikwa kwenye kamba nyuma ya jiko, bado zinadondoka maji. Nikamuuliza mama yake ni za nani. Akasema ni za mtoto wa dada yake Oliver aliyekuja kutembea. Lakini asubuhi ile ile tulikuwa tumehesabiana watoto, mimi wangu yeye wake, na wake walikuwa wavulana watano. Hakuna dada.

Nikarudi mezani nikala kuku. Nikarudi kwenu nikasema nyumba ni safi.

Unataka kujua kwa nini, na mimi pia nilijiuliza. Ulikuwa na miaka ishirini na minane, watu walikuwa wameanza kusemasema. Lakini hiyo ni sababu ya kupamba. Sababu yenyewe ni kwamba nilikuwa nimeshajisifu. Niliwaambia akina mama wa kanisa wote kwamba mimi ndiye nimempata huyo kijana, nikashona na kitenge. Sikuweza kurudi kusema nimekosea. Nikajiambia labda ni za jirani. Nikajiambia wanaume hubadilika. Nilijiambia mengi njiani, na yote yalinitosha mpaka siku mwanamke yule alipoingia uani na mtoto mgongoni. Nilikuwa nimekaa karibu na wewe. Uliushika mkono wangu. Wewe ndiye uliyenipa pole, Mama, ukasema, "Waya, usijilaumu."

Hakuna la pili wala la tatu. Niliona, nikanyamaza, na aliyelipa ni wewe. Nisamehe. Ukikataa nitaelewa, na nitaendelea kukuandikia hata kama hujibu.

Filister

*

Homa Bay, 6 Julai 2025

Waya,

Barua yako niliisoma kwenye choo cha kliniki kwa sababu ndipo penye komeo. Nililia. Kisha nilikasirika siku tatu kamili, na ya nne nikakasirika mpaka saa sita mchana tu, kulikuwa na foleni ya malaria.

Nililalamika kwa huyo mshauri wa kwenye simu pia. Nilitaka inipe ruhusa ya kukuchukia kidogo. Ikaniuliza kama ningekuwa tayari kuipoteza barua hii ili nibaki na ile ya mabano. Nikaona swali hilo si la haki, lakini jibu nilikuwa nalo.

Msamaha siuandiki hapa. Nitakuja kuusema kwa mdomo, upande wa sikio la kushoto.

Ila nenda Magunga. Jumapili tarehe kumi na tatu, mchana. Cliff amewaambia wakungoje, na yeye mwenyewe atakuwepo. Angalia unachoangaliaga. Sikupi orodha. Kuku kula, usije ukawatukana watu kwa ajili yangu.

Susana

*

Magunga, 13 Julai 2025

Mama,

Naandika nikiwa nimekaa kwenye benchi nje ya duka la dawa za mifugo, karatasi nimeiomba kwa muuzaji. Mambo ya mvua hakuna.

Kuna mtoto. Msichana, miaka mitano, anaitwa Liz. Ni wa Cliff. Alinifungulia geti yeye mwenyewe, akaniuliza kama mimi ndiye bibi mwenye masikio mabaya. Nikamuuliza baba yako ni nani, akamwonyesha kwa kidole. Nikamuuliza bibi yake, akasema ndiyo, mama wa mtoto aliolewa kwingine. Sijui kama mwanamume huyu alikwambia. Kama hakukwambia, basi mimi nakwambia, kabla chakula chao hakijatulia tumboni. Nimekupigia simu kutoka hapa, nimepiga kelele mpaka muuzaji na wateja wake wakatoka nje, na sijui kama ulijibu, sikusikia kitu. Ndiyo naandika, na nitampa dereva wa gari la Homa Bay. Siwezi kumsubiri Dorah.

Mengine ni haya, yote, mabaya na mazuri. Mama yake ana ulimi. Alisema wasichana wa maabara hawajui kusonga ugali, nikamwambia wewe unajua ila hupendi kuonekana. Nyumba ya Cliff inavuja upande wa dirishani, ameweka beseni, akalisogeza haraka nilipoingia, nami nikalirudisha mahali pake nione vizuri. Ni kweli anacheka peke yake. Nilimsikia, na sikuona la kuchekesha. Mtoto akianguka anamwacha ainuke, kisha anamfuta magoti. Kwenye kamba nilienda kuangalia nguo kabla hata ya kunawa. Zilikuwa za mtoto, za bibi na za kwake. Za mwanamke mwingine hapana.

Sisemi olewa, sisemi usiolewe. Nilichokiona nimekisema chote.

Filister

*

Homa Bay, 17 Julai 2025

Waya,

Nilisikia. Ulisema "Kuna mtoto" mara saba, nami nikajibu "Najua" mara saba, na wateja wa duka lile la Magunga wote sasa wanajua pia.

Najua tangu Februari. Cliff aliniambia siku ya pili tuliyoonana, kabla chai haijaletwa, na Machi akanipeleka nikamwona mtoto. Anapenda kunisukia nywele, na anasuka vibaya sana. Mimi ndiye niliyemficha. Nilikuficha wewe, na hata simu niliificha mpaka mwezi wa sita, nikiiuliza ushauri wa nyumba ya watu wawili wakati ni ya watatu. Nilipoiambia, na nikaieleza kwamba nakutuma Magunga bila kukwambia, ilinikataza kwa adabu zake zile. Ilisema nikuulize waziwazi, kwamba kumtegea mtu mtego si njia ya kujenga imani. Ilisema kweli na sikuisikiliza. Kuna mambo mtu hataki kushauriwa, anataka kuona. Nilitaka kuona kama utaniambia. Unisamehe na wewe.

Nawe hukuniambia kwa barua tu, uliniambia na kwa simu usiyoisikia, mbele za watu. Nilikuwa na sindano mkononi na mgonjwa ameshakunja shati. Nililia mbele yake akadhani damu yake ina shida.

Cliff nimemjibu jana. Nimesema ndiyo. Amecheka, na safari hii hakuwa peke yake.

Wazee wanakuja nyumbani kwa Baba tarehe ishirini na nne Agosti, Jumapili, si Jumamosi, Sabato yako iko salama. Watakuja na Liz, nimesema lazima aje. Watu watajaa uani, akina mama wa kanisa wakiwemo, na unajua watakavyoangalia mtoto akiingia na wageni. Nataka wewe ndiye usimame mlangoni. Umshike mkono, umwingize mpaka ndani, umketishe karibu nami, kabla mtu yeyote hajauliza ni wa nani.

Susana